Oili ya Kusafisha

Muuzaji wa duka la vipuri, hapa Chang'ombe, amenifungulia chupa ya oili. Nimeinusa tu, nikajikuta uani kwetu Nzuguni.

Baba alikuwa akifanya kazi soko la mahindi Kibaigwa, akirudi kila Jumamosi kwa pikipiki yake kuukuu. Ilipoanza kutoa moshi, mjomba akamletea oili. "Shemeji, hii inasafisha injini. Masizi yote nje!"

Wakaiweka. Jumamosi iliyofuata wakaimwaga, ikatoka nyeusi tii. Nikachanganyikiwa. Ya kusafisha, mbona chafu?

Mama alikuwa anafua, akacheka. "Na maji yangu haya? Yangebaki meupe, shati la baba yako lingetakata?"

Hapo nikaelewa, nikafurahi. Wakaweka nyingine ileile.

Asubuhi tukakuta oili imetuama chini ya pikipiki. Mjomba akajikuna kichwa. "Shemeji, nadhani tumeosha mpaka kilichokuwa kinaziba."

"Kwani uchafu ndio ulikuwa unaishikilia?" nikauliza.

Baba akaiacha pikipiki uani, akadandia lori la mahindi. "Jumamosi nakuja, mama," akaniambia, nami nilikuwa mtoto wa darasa la pili. Jumamosi hiyo nilikaa mlangoni, nikiuchungulia moshi wa kila lori lililopita. Baba hakurudi tena.

"Dada, umeamua?" muuzaji ananiuliza. "Hii inasafisha kabisa."

"Ikisafisha sana, kaka, haitavuja?"

Anacheka. "Pikipiki yenyewe ya nani?"

Nataka kucheka naye. Naifunga chupa, naifungua, nanusa tena.

"Ya baba," namwambia.