Hamira ya Kikaangoni

Mtaani kwetu mwanamke huyu anaitwa Kavu. Jina alipewa na wenzake katika jiko la kiwanda cha magodoro, alikopika hadi alipostaafu, kwa sababu hacheki ovyo, harudii salamu, na kitu anachokipika vizuri kuliko vyote ni kikavu: biskuti za chumvi, nyembamba, za mraba, zenye ladha ya jibini bila jibini yoyote ndani. Hazina maziwa, hazina siagi, hazina yai. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Wengi husimulia kilichotokea kati yake na wifi yake kama kichekesho. Mimi sioni cha kuchekesha. Kulikuwa na wizi, na mwizi alilipwa.

Biskuti zilianza kwa ajili ya mumewe. Alikuwa fundi mwashi, pande la mtu, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, na tumbo lake lilikataa maziwa. Daktari alipompiga marufuku, akanuna kama mtoto.

"Dawa nitameza," alisema. "Chai nitakunywa ya rangi. Lakini biskuti yangu ya jibini mnaninyang'anya kwa kosa gani?"

Kavu akaingia jikoni. Alianza kujaribu. Jiko lake la kuokea lilikuwa na mlango usiofunga mpaka uegemezwe kiti, na juu ya kiti hicho akaweka jiwe la kusagia. Alisaga korosho, akachanganya na unga wa ngano, mafuta, chumvi na vitunguu saumu vilivyokaushwa. Akatia manjano kidogo ili rangi ije, na ndimu kidogo ili ladha ichangamke. Mumewe alitafuna, akatafakari kama anayekagua msingi.

"Rangi umeipata, mama. Ladha bado ni ya plasta."

Kilichokosekana ni ule ukali wa jibini unaobaki mdomoni. Kavu alinusa kila kopo jikoni mwake na kugundua kwamba hamira, ile ile ya kuumulia mikate, ina harufu inayokaribia. Akaitia. Biskuti zikavimba kama mito na kunuka pombe. Mtu mwingine angeiacha. Yeye akafikiri: kama kosa la hamira ni kuumua, basi iuliwe kwanza. Akaimwaga kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, akaikoroga polepole mpaka ikawa na rangi ya udongo na harufu ya karanga. Siku hiyo mumewe alimaliza sahani nzima na kuuliza kwa hofu, "Una hakika humu hamna maziwa?"

Ila harufu ya hamira ikiungua kidogo kikaangoni mwashi hakuipenda hata chembe. Alisema inamkumbusha soksi za vibarua wake. Kwa hiyo Kavu alijizoeza kuikaanga asubuhi, mume akishaenda kazini, madirisha yote wazi, kisha kuihifadhi kwenye chupa ya kioo. Alifanya hivyo miaka yote ya ndoa yao. Hata mwashi alipofariki, moyo umesimama akiwa juu ya jukwaa la kazi, mkewe aliendelea kukaanga asubuhi na mapema, madirisha wazi, kana kwamba bado kuna mtu wa kuchukizwa.

Msiba ndio uliomleta wifi. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu, msusi mwenye saluni kwenye kona, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kinachovuka barabara. Alikuja kumliwaza mjane, na sitasema kwamba machozi yake yalikuwa ya uongo. Alikuja kila alasiri baada ya kufunga saluni. Alisukuma unga, alikata miraba, alitoboa matundu kwa uma ili biskuti zisijae hewa.

"Wifi, hii ya kwenye chupa nini?" aliuliza siku moja.

"Hamira," akajibu Kavu. Aliulizwa ni nini, akasema ni nini.

Baada ya muda wifi akaacha kuja. Kisha dirisha likatobolewa ubavuni mwa saluni, na juu yake kibao kikubwa chenye herufi nyekundu: BISKUTI ZA UKOO WETU. LADHA YA JIBINI, HAZINA MAZIWA. MAPISHI YA MAREHEMU MAMA YETU.

Nilikuwa na Kavu alipokisoma. Alikisoma mara moja, akakisoma tena. Mama mkwe yule, apumzike kwa amani, hakuwahi kuoka kitu maishani mwake.

"Wifi," alisema kupitia dirishani, "mama alizioka lini hizi?"

Wifi alikuwa anamsuka mteja. Hakuacha kusuka. "Kaka yangu angezijua wapi kama si nyumbani kwao? Wewe ulikuja kwetu hata maji ya chai unayaunguza. Tulikufundisha, ukafunzika. Sasa ukoo ukichukua chake, unaumia nini?"

Wateja wakacheka. Kavu akaondoka. Njiani aliniambia jambo moja tu: "Ameniibia biskuti, sawa. Lakini amemwibia pia yule aliyekuwa anazila." Tangu siku hiyo alikuwa na kisasi moyoni, na hakukificha. Alitaka mtaa wote ujue, kutoka mdomoni mwa wifi mwenyewe, nani alizibuni na kwa ajili ya nani. Sikumkataza. Kuna wanaohubiri kwamba aliyeibiwa anyamaze ili ndugu wasigombane. Hao kwa kawaida si walioibiwa.

Biskuti za kwanza za dirishani zilikuwa mito. Zilivimba, zilinuka pombe, na mlinzi wa duka la jirani akamwambia msusi kwamba akila mbili ataonekana kazini kalewa. Kavu alisikia, akatabasamu. Mara ya kwanza tangu mazishi, na halikuwa tabasamu zuri. Alielewa kwamba wifi alichukua kila kitu isipokuwa asubuhi.

Halafu ghafla biskuti za dirishani zikawa tamu. Nilimnunulia pakiti. Alivunja moja, akainusa.

"Hii jibini."

"Si ndiyo ladha yenyewe?" nikasema.

"Sikusema ladha. Nimesema jibini. Ametia unga wa jibini, ule wa pakiti."

Kabla hatujajua la kufanya, mwalimu wa hesabu wa mtaa wa nyuma, ambaye tumbo lake ni kama la marehemu mwashi, akawa hoi kitandani, tumbo limejaa kama ngoma, kakumbatia chupa ya maji ya moto. Pakiti ya dirishani ilikuwa mezani kwake. Alikuwa ameamini kibao.

Hapo kisasi na haki vikawa njia moja. Kavu alikwenda saluni, mchana, watu wamejaa.

"Mwalimu anaumwa, wifi. Ndani ya biskuti zako mna jibini. Futa yale maneno."

"Mwalimu ana ulafi, na wewe una wivu," wifi alisema, kitana mdomoni. "Thibitisha! Au umekuja kunisuka mimi leo?"

Wakacheka tena. Kavu akapita mlango kwa mlango akiwaambia wote wasiopatana na maziwa wasile za pale. Wengine walimsikiliza. Wengine walisema uchungu wa ujane umempanda kichwani.

Wakati huo hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa kuwapikia biskuti wagonjwa wasioruhusiwa maziwa, na wifi alikuwa ameshapeleka biskuti za kuonja na kutangaza kwamba kazi hiyo ni yake. Kavu akaenda kwa afisa lishe wa hospitali, mama mmoja asiyependa porojo, akaomba jambo moja. Hakumtaja mtu.

"Mama, anayetaka kazi hii aje na vitu vyake vikiwa havijachanganywa, apike hapa, mkiangalia. Nami nitakuja."

"Ni ombi la haki," akasema afisa lishe. "Tena ningefanya hivyo hata bila kuombwa. Wanaokula ni wagonjwa."

Siku ilipofika, jiko la hospitali lilijaa. Wapishi wa pale walikuwapo, nami nilikuwapo, na nusu ya wateja wa saluni walikuja kumshangilia msusi wao. Wifi alikuta meza mbili na amri ya kupanga kila kitu juu yake. Niliuona mkono wake ukiingia kwenye mkoba, ukagusa kitu, ukatoka mtupu. Unga wa jibini ulibaki mkobani. Akapanga korosho, manjano, ndimu, na hamira mbichi.

Kavu alitoa vitu vile vile. Kisha akatoa kikaango.

Nilijua maana yake. Ili kumshinda wifi mbele za watu, ilimbidi aonyeshe mbele za watu jambo alilolifanya peke yake miaka yote. Akawasha moto mdogo, akamwaga hamira, akaanza kukoroga. Harufu ikapanda.

"Mh! Nani kavua viatu?" akauliza mpishi mmoja, na jiko zima likaangua kicheko. Kavu aliinamisha uso. Nadhani alimsikia mtu mwingine. Aliendelea kukoroga mpaka harufu ya soksi ikageuka ya karanga, na kicheko kikakoma chenyewe.

Wifi alikuwa ameacha kusukuma unga. Alitazama kikaango.

"Kumbe ni hiyo tu?" alisema kwa sauti ndogo.

"Ni hiyo tu, wifi. Kaka yako alichukia harufu yake, ndiyo maana hukuikuta. Mama yenu yeye aliifanyaje? Hebu tueleze, watu wanasubiri."

Wifi akageukia meza yake. Unga wake ulikuwa umeanza kuumuka kwenye bakuli, ukiinua kitambaa kilichoufunika. Trei zilipotoka, za Kavu zilikuwa bapa, kingo za kahawia, zikivunjika kwa mlio. Za wifi zilikuwa mito. Afisa lishe alionja zote mbili, akamgeukia wifi.

"Hizi si zile ulizoniletea kuonja. Zile ulitia nini?"

Wateja wa saluni walitazama sakafu.

"Jibini," wifi akasema.

"Sema kwa sauti," akasema Kavu. "Mwalimu hakuweza kuja."

Akasema kwa sauti.

Kazi alipewa Kavu, lakini hakuridhika na hilo. Alasiri ile ile alikuja kwenye dirisha la saluni na kopo la rangi nyeupe na brashi, akamkabidhi wifi yake akifute kibao. Hakulia, wala hakumkumbatia. Yeyote anayengoja suluhu hapa asingoje.

"Wifi, mbele ya watu wote hivi?" msusi akauliza.

"Ulikiandika mbele ya nani?"

Msusi akapanda kiti. Majirani walitoka milangoni mmoja mmoja. Alianza na MAMA YETU, akafuta UKOO, rangi ikimtiririkia kiwikoni. Kavu alisimama chini, mikono kifuani, mpaka yule juu aliposhusha brashi na kuuliza kama inatosha.

"Bado nyekundu inaonekana chini," alisema. "Ongeza."