Anaumwa Kidogo

Nakumbuka siku gari la wagonjwa liliposhuka mteremko wa kuingia Babati likiwa limezimwa injini. Ukungu wa ziwa ulikuwa ukipita madirishani, nami nimepiga magoti ndani, nimeshika mkono wa mama ambaye baba mkwe wake alikuwa ameniambia, kwa adabu zote, kwamba anaumwa kidogo tu.

Ngoja nirudi nyuma, mwanangu, maana mzee akianzia katikati huwapoteza watu.

Ilikuwa miaka ile ya shida, themanini na kitu, sabuni tunaipangia foleni na petroli inatoka kwa kibali. Hospitali yetu ilikuwa na Landrova moja, na hapakuwa na namba ya kupiga. Mtu akizidiwa, ndugu zake walimlaza kwenye machela ya miti na ngozi ya ng'ombe wakaanza kutembea naye, na mmoja akatangulia kuja kuita gari. Aliyetangulia alifikia mezani kwangu. Nilikuwa muuguzi msaidizi, bado mbichi, gauni langu jeupe nimelinyoosha kwa pasi ya mkaa. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza, kuandika kwenye daftari na kumwambia dereva aende wapi. Asubuhi hiyo tangi lilikuwa na mafuta ya safari moja, labda na nusu.

Walikuja wawili. Wa kwanza alitoka Sigino kwa baiskeli, akaanza kupiga kelele tangu getini.

"Nesi! Kaka yangu anakufa! Ameanguka kutoka juu ya lori la mahindi! Anakufa, nesi!"

Wa pili alikuwa Mzee Bura, mkulima wa Nakwa. Aliingia, akavua kofia, akasubiri mwenzake anyamaze.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Habari za Nakwa?"

"Nzuri. Mvua imenyesha, mahindi yamesimama. Baba yako huko Mbulu ni mzima?"

"Mzima, baba."

"Tumshukuru Mungu." Akaizungusha kofia mikononi. "Ila huyu mkwe wangu, mama Paskali. Anaumwa kidogo. Tangu juzi."

Nilisikia "kidogo". "Juzi" sikuisikia. Nikamwonyesha benchi, naye akanishukuru, akakaa. Gari likaenda Sigino, nami ndani yake.

Mgonjwa wa Sigino tulimkuta kwenye kigoda, kifundo cha mguu kimevimba, bakuli la viazi vitamu liko mapajani. Mzee Shabani, dereva wetu, alimtazama.

"Marehemu anakula viazi," akasema.

Tukacheka wote, na mgonjwa mwenyewe akacheka. Tukamfunga mguu, tukamchukua, maana tulikuwa tumeshafika. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na mimi niliufuata mvumo.

Tulirudi baada ya kama saa mbili. Mzee Bura alikuwa palepale kwenye benchi. Shabani alimpita, akasimama, akarudi hatua mbili.

"Mzee wangu, mbona kofia imelowa hivyo?"

"Jasho."

"Umekuja na nini?"

"Miguu."

"Umetembea?"

Mzee Bura akatazama sakafu. "Nilikimbia kidogo."

Shabani akanigeukia. Hakupaza sauti, na ndiyo maana bado naisikia. "Binti, mzee wa umri huu akikimbia kidogo kutoka Nakwa, nyumbani kwake kuna jambo kubwa. Shuleni walikufundisha kupima presha. Kofia hawakukufundisha?"

Nilichuchumaa mbele ya yule mzee. "Baba, ni mambo ya akina mama?"

Akaitikia kwa kichwa, akageuzia uso ukutani. Sasa fikiri, mwanangu: baba mkwe, amtamkie msichana habari za uzazi wa mkwe wake? Mume alikuwa amesafiri, wanaume wengine walikuwa kwenye machela, na mzee hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Tena kwetu ugonjwa hautajwi kwa ukubwa wake, usije ukaitikia. Baba yangu mzazi alikuwa akiugua wiki nzima na kusema ni kidogo. Nilikulia katika lugha hiyo, nikaisahau siku nilipovaa gauni jeupe.

Mafuta yaliyobaki yangetufikisha, hayangeturudisha. Shabani aliwasha gari. Ukungu ulikuwa mzito, barabara inaonekana hatua chache tu kisha inakwisha. Ndani ya ule weupe wakatokea wanaume wanne wenye machela mabegani, na wengine nyuma yao wa kupokezana, wanatembea kwa hatua moja bila kusema, kama watu wa ndotoni. Walikuwa wameshatembea asubuhi nzima. Tulimhamishia mama Paskali ndani ya gari. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na ngozi ya machela ilikuwa na damu.

Tulipofika mteremkoni Shabani akazima injini. Kimya. Magurudumu yanateleza, matawi yanadondosha maji juu ya bati, mama anapumua, nami nahesabu pumzi zake. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Moyoni mwangu gari lile halijafika chini mpaka leo.

Kwenye tambarare petroli iliisha. Nikasikia vishindo vya miguu nyuma yetu: wale wanaume wa machela walikuwa wamelifuata gari mbio. Wakaweka mikono kwenye bodi, wakatusukuma hadi mlango wa hospitali.

Mama Paskali alipona. Mtoto, wa kike, alitoka bila kulia, akalia baadaye sana.

Mwanangu, wewe unayekwenda kukaa kwenye meza ya kupokea wagonjwa, na simu na redio mnazo, shika haya. Mwenye kelele msikilize, lakini mnyamavu muulize mara mbili. Kimya kingi kina mshindo. Uliza "tangu lini" kabla ya "anaumwaje". Tazama miguu ya aliyekuja, tazama nguo yake. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini si kila afichaye amependa. Mwingine umemfungia mlango wewe kwa namna ulivyokaa. Na usijione wewe ndiye msaada; msaada ulianza na waliobeba. Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, na akufikishe kwa kila anayekusubiri.

Yule mtoto sasa ni mama mzima, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu tangu kuzaliwa. Daktari alisema huenda ni kuchelewa, huenda sivyo. Mzee Bura aliniletea asali kila msimu hadi alipofariki, na sikumweleza habari za viazi vya Sigino. Mwezi uliopita binti huyo alikuja kunisalimu, akakaa, akaniuliza habari zote za nyumbani, kisha akasema, "Shangazi, siku ile niliyozaliwa, mlichelewa?"

Nilimwambia, "Kidogo."