Josepha na Sungura wa Ndani

Josepha aliolewa Busunzu mwaka wa sabini na sita, maharage yalipokwisha kuanikwa. Asubuhi yake ya kwanza katika nyumba ya mumewe alishuka kitandani, akakanyaga kitu laini chenye utelezi kikampenya katikati ya vidole vya mguu. Akashika ukuta, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Pasikali! Nimekanyaga nini?"

Mumewe alifungua dirisha. Sakafuni palikuwa na kifungu cha mavi meusi yanayong'aa, yameshikana kama vitunda, na kando yake ameketi sungura wa kijivu, mkubwa, akitafuna ukingo wa mkeka.

"Ah, huyo ni Mukobwa tu," Pasikali akasema, akitabasamu kama mtu anayemtambulisha dada yake. Kwa Kiha jina hilo maana yake ni msichana. "Hayo ya alfajiri ndiyo laini. Ya mchana ni makavu, yanafagiliwa vizuri."

Na kama vile alitaka kumsaidia bwana wake kueleza, sungura akajikunja, akainamisha kichwa mpaka chini ya mkia, akala kinachomtoka mwenyewe. Josepha alitoka mbio hadi migombani, akatapika, na jirani aliyemwona akaanza kueneza habari njema kwamba bibi harusi ameshapata mimba.

Josepha hakuwa mtu wa kujidekeza. Alizaliwa ng'ambo, Burundi, na mwaka wa sabini na mbili alivuka mpaka kwa miguu pamoja na mama yake. Miezi ile ya mwanzo walilala katika banda la nyasi, watu na mbuzi na kuku na wagonjwa wa kuhara, na mkojo wa mbuzi ulipita chini ya mikeka kama kijito. Mama yake alifia humo. Josepha alichukuliwa na baba yake mdogo, Tharsisi, aliyekuwa amehamia Makere zamani, akalelewa na mke wake Epifania, mwanamke ambaye ungeweza kumwaga ugali kwenye sakafu yake ukaula. Katika nyumba ile Josepha alijifunza tena kulala bila kunusa. Kilichomtisha katika ndoa hakikuwa umaskini. Alikwisha kuwa maskini. Kilichomtisha ni uchafu.

Pasikali naye hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Alikuwa mrina asali, mpole, asiyegusa pombe ila siku ya sherehe. Mama yake alifariki muda mfupi baada ya watu kuhamishwa kutoka mashamba yao ya zamani na kupangwa kwa mistari katika kijiji kipya. Akabaki peke yake. Mwalimu Khatibu, mtu wa Tanga aliyesimamia mifugo ya shule, alimpa sungura watatu kwa shukrani ya asali. Nguchiro akavunja banda, akaua wawili. Yule wa tatu Pasikali alimwingiza ndani akiwa anatetemeka, na tangu siku hiyo hakumtoa.

Josepha aliwajua simbilisi, wale wanyama wadogo kama panya wanene wasio na mkia. Nyumba nyingi za huko zilikuwa nao jikoni, wanapiga kelele zao kwenye kona, na siku yao ikifika wanaingia chunguni. Lakini sungura huyu hakuwa na kona. Nyumba nzima ilikuwa yake. Alipanda kitandani na miguu yenye unyevu. Alikojoa nyuma ya mlango, mkojo mzito wa rangi ya chungwa uliokauka ukaacha ukoko mweupe, na harufu yake ilipanda puani ikawasha macho. Manyoya yake yalielea katika uji. Siku moja Josepha alikuta kifuniko cha ungo wa unga wa muhogo kimeangushwa, vidonge vyeusi vimetapakaa juu ya weupe, na alama za miguu zikizunguka kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu.

"Nitoe unga wote?" akauliza.

"Unga wote? Kwani ni sumu? Chekecha," Pasikali akasema. "Anakula majani matupu, Josepha. Ni msafi kuliko kuku."

Ndiyo, kwa mpenzi chongo huitwa kengeza. Josepha aliumwaga unga shimoni, akalala na njaa, naye mumewe akashangaa.

Alijaribu kila njia. Alikandika sakafu upya, sungura akachimba. Aliziba mlango wa chumba kwa ubao. Sungura akautafuna, na Pasikali akauondoa akisema meno ya mnyama yataumia. Alimtoa nje kwa ufagio. Pasikali alirudi kutoka mizingani, akamtafuta mpaka akamkuta katika banda la sungura wa shule, akarudi amempakata kifuani. Chakula kilianza kumshinda Josepha. Mkono wa mumewe ulipomgusa aliuona mkono uliokuwa ukimkuna sungura masikio, akageukia ukutani.

Mwezi mmoja hivi baada ya safari ile ya banda la shule, padri alitarajiwa kuja kuadhimisha misa kijijini. Josepha alitaka kuvaa kitenge cha mama yake, kitu pekee kilichovuka mpaka kikiwa kizima. Alikiweka katika kapu lenye kifuniko chini ya kitanda. Alipiga magoti, akaingiza mkono gizani bila kutazama. Kifuniko hakikuwepo. Vidole vyake vilizama katika manyoya makavu, kisha joto, kisha kitu kilichokuwa uchi, chenye unyevu, kikajipinda ndani ya kiganja chake. Kisha kingine. Kapu zima lilikuwa likicheza.

Alipiga ukelele uliosikika mstari mzima wa nyumba.

Pasikali alipoingia alimkuta amejibana ukutani, mkono ameunyoosha mbali na mwili kama si wake. Alivuta kapu kwenye mwanga. Vitoto vya sungura, vyekundu, vipofu, vimelala katika vipande vya kitenge kilichochanwachanwa na kuloa damu ya uzazi.

"Mukobwa amezaa!" akasema, na sauti yake ilijaa furaha. "Tazama, Josepha, amezaa!"

Josepha alimtazama yeye, hakulitazama kapu. Kisha akachukua kanga yake iliyokuwa juani, akaenda barabarani, akapanda lori la maharage lililokuwa likielekea Kasulu. Akashuka Makere.

Tharsisi alimsikiliza, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, wanawake hukimbia kipigo. Hukimbia njaa. Hukimbia wake wenza. Wewe umekimbia sungura?"

"Baba, kitenge cha mama."

Hapo Tharsisi aliacha kucheka. Lakini bado hakuona kesi. Epifania alipasha maji, akamwogesha Josepha kama mtoto.

Pasikali alifika kumfuata mkewe kama desturi inavyotaka, na mtungi wa pombe ya ndizi, kichwa chini. Alikuwa amewawekea sungura wake majani ya kutosha, akafunga mlango na madirisha kwa hofu ya nguchiro. Tharsisi hakutaka mambo ya haraka. Alimweka pale siku kadhaa, wale, wanywe, wazungumze. Pasikali alilala katika nyumba ya Epifania, juu ya mkeka uliokaushwa na jua, akala katika bakuli lililofunikwa. Kila walipomuuliza alijibu lile lile: mnyama ni mdogo, hana madhara, mkewe ana moyo mwepesi.

"Basi mimi nitakwenda nikaione hiyo nyumba," Epifania akasema mwishowe. "Nikiona mwanangu ana makosa, nitamwacha huko huko."

Wakaondoka watatu. Walipofika Busunzu jua lilikuwa kali. Majirani waliokaa vibarazani waliwasalimu wakiwa wameziba pua, na mmoja akasema, "Pasikali, kuna kitu kimeoza kwako."

Pasikali alifungua mlango. Inzi walitoka kwanza, wengi, wakampiga usoni. Ikafuata harufu. Wakati wote aliokaa humo pua yake ilikuwa imeizoea. Sasa alikuwa ametoka katika nyumba safi, nayo ikampokea kama inavyompokea mgeni. Alirudi nyuma hatua moja, akamkanyaga Epifania.

"Ingia," Epifania akasema. "Si kwako?"

Akaingia. Majani yalikuwa yamekwisha, na maji yalikuwa yamemwagika tangu siku ya kwanza. Kitanda kilikuwa kimelowa mkojo, godoro la nyasi limetafunwa tumbo. Vitoto vilikuwa vimekufa. Vingine vilikuwa nusu. Kiu na njaa vilimfanya mama yao avile. Mabaki yao yalikuwa yakitembea kwa funza, na katikati ya matambara ya kitenge Mukobwa aliketi hai, midomo imeganda damu, akimtazama bwana wake kwa jicho lile lile la kila siku.

Pasikali hakufika mlangoni. Alitapika pale pale, juu ya miguu yake.

Josepha alisikia kutoka nje. Alikuwa amedhani siku mumewe atakapoonja kile anachokionja yeye, moyo wake ungetulia. Haukutulia. Alisikia kichefuchefu cha mumewe kikiungana na chake, akamwonea kinyaa zaidi, na huruma kidogo, na kinyaa tena.

"Mama, nikamsaidie?"

"Hata ufagio usishike," Epifania akasema. Akaketi kivulini, akanyoosha miguu.

Mwanamume akafanya peke yake, kijiji kikitazama. Alitoa kapu akalifukia. Alichoma godoro, mkeka na kitanda. Alichimbua sakafu, udongo wenye harufu mpaka ulipokoma kunuka, akaubeba shambani. Akaleta mpya, akakandika, akapaka kuta chokaa nyeupe ya bondeni. Josepha alikaa kwa jirani mpaka sakafu ikakauka, na hata hapo aliinama akaigusa kwa pua kabla ya kuvuka. Hapo ndipo Epifania alipopanda lori kurudi Makere.

Sungura alijengewa banda la fito ngumu nyuma ya nyumba, lililoinuliwa juu ya nguzo ndefu, nguchiro asifike. Pasikali hakuomba radhi kwa maneno. Siku moja, akipiga fundo la mwisho la kamba, alisema tu, "Nilikuwa siisikii ile harufu, Josepha. Kweli nilikuwa siisikii."

"Najua," akajibu. "Hilo ndilo lililonitoa."

Walipata watoto, na watoto hao walikatazwa kuliegemea lile banda. Josepha hakuwahi kula nyama ya sungura, wala hakukubali kupewa kitenge kingine badala ya kile; aliyemletea alirudi nacho. Mukobwa aliishi miaka michache zaidi. Alikufa msimu wa mvua, Pasikali akiwa amelala na homa, hawezi kuinuka. Josepha alimtoa sungura bandani kwa jani la mgomba, uso ameugeuzia pembeni, akamchimbia shimo refu kuliko lilivyohitajika. Kisha akaingia ndani, akamwambia mumewe kwamba amemzika vizuri, akaenda kumchemshia uji.