Maji ya Fedha Niliyomtia Mke Wangu Sikioni

Mfereji wa kumwagilia kabichi tunagawana na majirani kwa zamu. Mke wangu, akiwa jikoni, alikuwa akiyasikia maji yakifunguliwa kule juu kabla hayajafika. "We mzee, jembe! Yanakuja." Majirani wakimwita redio, anawajibu, "Redio yenu inapika?"

Mwaka jana sikio lake la kulia likatoa usaha. Mimi nilikuwa soko la Soni nikiuza karoti, karoti zenyewe mvua ilishaziharibu, tuyaache hayo. Sokoni mtu mwenye kipaza sauti anauza maji ya fedha, fedha ile ya pete. Imesagwa, anasema, punje zake hata hadubini ya shule haizioni, zinapenya popote. Hapo kwenye kupenya ndipo aliponipata. Dawa ya nyanya isiyopenya jani, mvua inaiosha. Nikaona sikio nalo ni jani.

Nikawa namlaza pajani, matone matatu asubuhi, matatu jioni.

"Linawaka," akasema.

"Tulia, ndiyo inafanya kazi."

Wiki ya pili anatembea akiyumba, anasema nyenje wanalia kichwani. Daktari wa Lushoto, kijana, alitupa shikamoo kwanza, kisha akachungulia. Ngoma ya sikio ilikuwa na tundu.

"Babu, punje ndogo namna hiyo zikipita hapa zinaweza kufika sikio la ndani, kwenye vinyweleo vya kusikilizia. Vikifa havioti tena."

"Kwa hiyo ni maji yangu?"

"Usaha nao unaua sikio. Siwezi kuapa. Ila usitie tena."

Nilitamani aape, upande wowote. Mke wangu alikuwa pale pale, sikio bovu upande wa daktari, hakushika neno. "Amesemaje?"

"Amesema ni usaha."

Sikio la kushoto linamsikia mtu wa karibu, lakini maji ya mbali nyenje wanayafunika. Juzi nilisinzia kibarazani, yeye jikoni. Tulipofika shambani, zamu yetu imepita, mfereji umelowa tu na maji yako kwa jirani. Akachota tope kwa vidole.

"Usaha huu umetunyima maji."

Nikainama kwenye sikio lake la kushoto. "Pengine si usaha. Pengine ni yale maji ya Soni. Daktari alisema, nikakuficha."

Akazitazama kabichi, zimelegea majani.

"Nilikuambia linawaka," akasema. Akanipa jembe, akarudi ndani.

Siku ya zamu sasa nakaa mferejini tangu asubuhi, mkono ndani, nikiyangoja maji.