Mfuko wa Mchanga wa Abuk

"Daktari, mbona hukumfukuza yule mzee?"

Abuk aliuliza hivyo akiwa na miaka kumi na mmoja, amelala chali katika wodi ya mifupa mjini Lodwar. Lokiru akamjibu kama alivyowajibu wote: "Mimi si daktari. Kunywa uji."

Na kweli hakuwa daktari. Lokiru alikuwa mtu wa plasta. Yeye ndiye aliyewafunga watu mikono na miguu, akaja akaikata plasta mfupa ulipounga, na katikati ya hapo akagombana nao. Daktari, alisema, ni yule anayekuja kwa ndege kutoka Kenya, kama watu wa Lodwar wanavyopaita kwingine kote nchini. Anapasua, anapanda ndege, anakwenda. Yeye Lokiru alikuwa wa kubaki na kuchoka.

Sababu za kuchoka hazikumpungukia. Alimfunga mchungaji mguu leo, kesho kutwa mchungaji ameikata plasta kwa kisu kwa sababu mbuzi hawangoji mfupa. Mama mmoja alitoka Lorugum na mtoto ambaye plasta yake ilipakwa mafuta ya kondoo, baraka ya nyanya yake, ikalainika kama mandazi kwenye chai.

"Baraka ipakwe kichwani," Lokiru alimwambia huku akiibandua.

"Lakini kilichovunjika ni mkono," mama akasema.

"Nyumbani kwenu sina hakika ni mkono peke yake."

Abuk aliletwa kutoka kambi ya Kakuma. Bodaboda ilimgonga akitoka kuteka maji, mfupa wa paja la kushoto ukakatika. Mama yake alikaa naye siku za mwanzo, kisha ikambidi arudi kwa wadogo waliobaki kambini. Lokiru alimweleza Abuk hali yake kwa vidole viwili, kimoja amekilaza juu ya kingine.

"Vipande vyako vimepandana hivi. Daktari akija atatia vyuma ndani ya mfupa, lakini lazima avikute vimeshuka, vinatazamana hivi. Visiposhuka atawashughulikia wengine, apande ndege yake, na mguu wako utaunga hivyo ulivyo, mfupi."

"Mfupi kiasi gani?"

"Kiasi cha kuchechemea."

Abuk, ambaye shuleni aliwaacha nyuma hata wavulana kwa mbio, akasema, "Vishushe."

Basi mguu ukafungwa kamba, kamba ikapita juu ya kigurudumu mwisho wa kitanda, na kwenye ncha yake ukaning'inizwa mfuko wa mchanga, uvute bila kupumzika. Ukavuta. Lakini kila alipopigwa picha, vipande vilikuwa palepale, kimoja mgongoni kwa mwenzake. Lokiru alishika kiuno.

"Unaunyanyua huu mfuko?"

"Nimefungwa. Nitaunyanyuaje?"

"Nyinyi watoto wa Kakuma hamshindwi."

"Mimi nalala tu. Mchana ndiyo nalala vizuri, mguu hauumi kabisa."

Lokiru alimkazia macho. "Hauumi mchana," akarudia polepole. Kisha akaigeukia wodi nzima, wagonjwa na jamaa zao, na kuapa kwa Kiswahili na Kiturkana kwamba atakayemkamata akigusa mfuko ule atatoka, awe na mgonjwa au asiwe naye.

Pembeni ya kitanda cha Abuk alikaa mzee Lokeno, mchungaji aliyekuja na mjukuu wake, msichana mdogo aliyeanguka kutoka kwa punda na kuvunjika kiwiko. Mzee yule ndiye aliyemletea Abuk maji na kumshikia kikombe, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni. Alikuwa na ekicholong chake, kile kigogo cha kuchonga ambacho ukikaa ni kiti na ukilala ni mto. Hakikumtoka. Kichwa cha mzee, alimwambia Abuk, hakilali chini, labda awe amekufa.

Kesho yake, jua lilipokuwa utosini na wodi nzima inakoroma, Abuk alifumbua macho akamwona Lokiru miguuni pa kitanda, ndara mkononi. Mfuko wa mchanga ulikuwa umekalishwa juu ya ekicholong kama mgeni wa heshima. Kamba imelegea.

Abuk akangoja kelele ambazo zingesikika hadi Kakuma. Lokiru aliutazama mfuko. Kisha akatazama chini, upande wa pili wa kitanda, mahali ambapo Abuk hakuweza kuona kwa jinsi alivyofungwa. Alitazama kwa muda. Kinywa kilichokuwa tayari kimefunguka kikafungwa. Akavaa ndara zake, akakivuta kile kigogo taratibu, mfuko ukaning'inia tena, na Abuk akaguna kwa maumivu. Hapo sauti ya Lokeno ikatoka sakafuni.

"Daktari, hii mtoto analia kwa usingizi. Mzigo inavuta yeye hata akilala. Hata punda, tukifika kwa maji, tunatoa mzigo."

"Mimi si daktari. Na huyu si punda."

"Punda tunahurumia."

Lokiru akashusha pumzi ndefu. "Mzee, ngamia akizama kwa matope, mnafanya nini?"

"Tunafunga kamba. Tunavuta."

"Mkichoka, mnaachilia?"

"Hapana. Akirudi chini tena, hatoki."

"Basi huyu yuko kwa matope."

Lokeno akainuka, akaiangalia kamba, kigurudumu, mpaka kwenye mfuko. "Mbona hukusema?"

"Nasema kila siku."

"Unasema mfupa. Hujasema matope."

Sista wa wodi alipopata habari alitaka mzee atolewe, si ilikuwa imeapwa? Lokiru akasema ameshazungumza naye, yakaisha hapo. Hapo ndipo Abuk alipouliza swali lake akaambiwa anywe uji.

Tangu siku ile mfuko ulipata mlinzi. Sista akija kubadilisha shuka, fimbo ya Lokeno iko njiani. Lokiru mwenyewe alipokuja kukaza fundo aliambiwa asiachilie kamba.

"Sasa hata mimi nafukuzwa," akasema, akaenda kugombana na kitanda kingine.

Ndege ilipokuja, daktari aliiinua picha mpya dirishani, akaisoma, akasema, "Huyu aingie." Vyuma vikatiwa, na baadaye vikatolewa.

Mwaka huu Abuk yuko kidato cha tatu. Shule yao ilipokuja Lodwar kwa mashindano ya riadha, aliomba ruhusa akaenda hospitali. Alimkuta Lokiru na mvi zake, akimfokea mwanamume aliyekuwa amejikuna ndani ya plasta kwa spoku ya baiskeli mpaka ikabaki humo. Abuk akajitaja jina. Lokiru hakumtazama usoni, alitazama miguu.

"Tembea mpaka mlangoni. Rudi. Tena."

Alipotosheka, Abuk akauliza tena. Hakuwa amesahau.

Lokiru aliendelea kukata plasta.

"Wewe ulikuwa chali, hukuona. Ekicholong kilikuwa chini ya mchanga wako, na kichwa cha mzee kilikuwa kwenye simiti. Sasa ningemfukuza nianzie wapi?"