Karamu ya Shoga Yangu

Herufi za risasi za kupigia chapa nilizorithi kwa baba zilitengenezewa Kiingereza, na Kiingereza hakihitaji sana k wala a kama sisi. Ukipanga "karibuni kwa karamu" mara tatu tu, vyumba viwili vya kasha vimebaki vitupu. Watu huniuliza, Bi, kwa nini usinunue kompyuta? Nawajibu kompyuta haikulazimishi kutafuta neno jengine. Mimi k zikiniishia naandika "njooni", na mara nyingi linatoka zuri kuliko lile la mwanzo. Kazi hii naipenda, wallahi, pamoja na vidole vyake vyeusi.

Ila nna hasira za karibu. Siku moja nilikuwa narudisha herufi kwenye kasha huku nagombana na wifi yangu kwa simu, natupa tu, hii huku, ile kule. Hasira hasara, nilifunzwa tangu mdogo na sikusikia.

Wiki ile ile shoga yangu, mjane wa miaka mingi, alikuja dukani kwangu, mtaa wa Jadida, kuchapisha kadi za harusi yake mwenyewe. Kaposwa na mkulima wa Wingwi, naye kafiwa na mke. Lakini mwanawe wa pekee, anayekaa Gombani, alikuwa amegoma. Alisema mama mwenye wajukuu kuolewa ni aibu, na yeye hatokanyaga.

"Asipokuja yeye, harusi sina," shoga yangu aliniambia, machozi yanamtoka. "Labda akiiona kadi moyo utamlainika."

Nikamchapia moja papo hapo. Miwani kaisahau nyumbani, hakuweza kuisoma. Akaipulizapuliza wino ukauke, akaitia kwenye bahasha, akampa mtu wa gari ya Chake inayopita Gombani aipeleke.

Nilipomaliza zote sitini ndipo nikakaa kusoma. Mtume! "Mnakaribishwa kwenye haramu ya ndoa yangu." H ilikuwa imelala chumba cha k, nami nikaipanga bila ya kuitazama.

Karatasi nyengine ilikuwa Unguja, ng'ambo ya bahari, na harusi Ijumaa. Kuzitupa siwezi, juu mna Bismillahi. Nikajitukana mpaka nikachoka, kisha nikafikiri. Nilikuwa na kitawi cha karafuu nilichokichonga kwenye ubao kwa raha zangu tu. Nikakipaka wino mzito, nikakipiga juu ya "haramu ya". Ikabaki "Mnakaribishwa kwenye ndoa yangu", na karafuu katikati. Zikapendeza kuliko nilivyokusudia, nikajisifu mwenyewe maana dukani nilikuwa peke yangu.

Lakini ya Gombani ilishakwenda. Asubuhi shoga yangu alipokuja kuchukua kadi nikamwambia ukweli wote. Akakaa nyuma ya mashine ya chapa.

"Umenimaliza, shoga. Sasa kapata na ushahidi."

Niliona haya, na mimi si mtu wa kuona haya.

Mara mlango ukasukumwa. Mwanawe, kadi mkononi, hata salamu hakutoa.

"Bi, nani kaandika hivi?"

"Mimi, mwanangu, ila—"

"Mama'angu kakukosea nini? Ndoa yake ina haramu gani? Walii anaye, mahari kapewa, eda kaimaliza zamani! Nani wa kumharamishia? Nitajie!"

Sauti ilivuka barabara. Muuza maandazi wa ng'ambo akaacha kukaanga. Siku nyengine mtu akinifokea dukani kwangu huondoka na majibu yake, lakini siku ile nilimwachia uwanja. Nilitaka aendelee, mama yake asikie.

Mama yake akasimama. Ndipo mwanawe alipomwona, akaiteremsha ile kadi.

Mama hakumlaumu. Alitoa kadi moja kwenye rundo la zenye karafuu, akampa kwa mikono miwili.

"Ile ilikosewa, mwanangu. Yako hii."

Mwanawe akaisoma polepole mpaka chini. Akapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Nani anapokea wageni mlangoni?" akauliza.

"Hajawekwa mtu," mama yake akamwambia. "Pale pako wewe."