Sampuli Niliyoisaga Mwenyewe

Hii aibu nisingeisimulia, ila hapa Issuna kila mtu anaijua, na bora muisikie kwangu kuliko kwa shemeji yangu Shabani, ambaye akiisimulia anaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa mashaka, sikatai. Hata chenji ya dukani naihesabu nikiwa bado nimeushika mkono wa mwenye duka. Basi alipokuja dada Upendo, mtaalamu wa miamba aliyetumwa na kiwanda cha mbolea kuangalia kilima chetu, mimi macho yalikuwa kwake tangu asubuhi. Kilima kina fosfeti, jiwe la kutengenezea mbolea, na kiwanda kikilikubali tutapata ajira na barabara. Kikilikataa, tutabaki na alizeti zetu na vumbi letu.

Yule dada akawa anachambua mawe, meupe anatia kwenye gunia, yenye wekundu wekundu anatia kwenye ndoo. Nikamuuliza hayo mekundu vipi.

"Hayo yana chuma, kaka," akasema. "Kwetu chuma ni uchafu. Kikizidi kinaharibu mbolea, virutubisho vinakwama, mmea haupati kitu."

Chuma ni uchafu? Jembe langu ni la nini, la ugali? Nikajua hapa kuna mchezo, pengine kwenye ile ndoo kuna dhahabu (Iramba si mbali, na huko inachimbwa), na pengine hata lile gunia litabadilishwa njiani. Nikadai kijiji kibaki na mawe yake kutoka gunia lile lile. Akakubali mara moja, bila hata kubisha, na hapo ndipo nikazidi kumshuku.

"Ila msiyaguse," akasema, "myaache hivyo hivyo."

Kwa nini tusiyaguse? Mkubwa wa kiwanda alikuwa anakuja Jumamosi kwenye mkutano, nami nikaamua atakuta unga wetu wenyewe uko tayari, apimiwe pale pale mbele ya watu. Ijumaa mchana Shabani akaniomba nimwangalizie mashine yake ya kusaga wakati yeye anaswali (mimi ni Mkristo, na dada yake tulioana kwa maneno mengi, hiyo habari ya siku nyingine). Alipoingia tu msikitini nikayaponda yale mawe ya kijiji vipande vipande, nikawasha mashine, nikamimina. Ililia kilio ambacho sijawahi kukisikia, cheche zikaruka, lakini unga ukatoka. Nikafagia haraka, na Shabani aliporudi nikamwambia mashine iko salama.

Jumamosi nikasimama mbele ya kijiji kizima. "Mheshimiwa, huyu dada sina imani naye. Unga wa kweli ni huu hapa."

Mkubwa akasema haya, upimwe. Dada Upendo akaumwaga kwenye karatasi, akapitisha sumaku, na sumaku ikatoka na ndevu. Ndevu nyeusi, nzito, kama za mzee. Mkubwa akatikisa kichwa na kusema mawe yenye chuma kingi namna hii hawayawezi. Mwenyekiti wa kijiji akakaa chini bila kuangalia kama nyuma yake kuna kiti.

Mngekuwa ninyi mngekaa kimya. Mimi nikasema sumaku ile ina dawa. Nikakimbia nyumbani, nikang'oa sumaku ya spika ya redio mbovu, nikarudi natweta, nikaipitisha mwenyewe. Nayo ikaota ndevu.

Wakati nimesimama na sumaku mkononi, akaingia mama mkwe wangu, ameshika leso.

"Shikamoo mama," nikasema.

Akanipita. Akamgeukia mwanawe. "Shabani, jana ulisaga nini kabla ya mtama wangu?" Akafungua leso. Mlikuwa na tonge la ugali, na ndani ya tonge jino lake la mbele.

"Mama, mimi nilikuwa msikitini," Shabani akasema. "Mashine nilimwachia shemeji."

Watu wakanigeukia taratibu. Dada Upendo ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, uliyasaga kwenye mashine ya unga? Yenye nyundo za chuma?" Akamweleza mkubwa kwamba kile si chuma cha kilima, ni cha mashine, jiwe limezila nyundo. Mkubwa akacheka mpaka akavua miwani, akakubali lile gunia la dada lipimwe. Nyundo mpya za Shabani nilinunua mimi.

Majibu yakaja mazuri, kiwanda kikakubali, na siku ya kuanza kuchonga barabara mama mkwe akapewa kiti cha mbele, kwa sababu kila mtu anasema bila jino lake kilima kingekataliwa. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Siku hizi nikimshuku mtu namuuliza, na akinijibu naondoka hivyo hivyo na mashaka yangu, sisagi kitu. Lakini mama mkwe akicheka, na anapenda sana kucheka nikiwepo, mimi naangalia chini.